Kiriba Hakivaliwi

Karakana ya Mabegi na Mahema,
Mlango wa bluu, nyuma ya soko.
Jumapili, 9 Juni.

Mpendwa mpwa wangu Kijiti,

Salamu tele kutoka kwa mjomba wako, fundi wa mabegi ambaye hajapata mpinzani mtaa huu wala wa pili. Hujambo? Kazi je? Lile jino limetulia, au bado unatafuna upande mmoja kama mbuzi mzee? Sisi hapa wazima, ila magoti yangu yanalia mvua ikikaribia, na mama yako bado anajifunga kitambaa kichwani akisema ni kipandauso. Hilo la mama yako nitalirudia.

Barua yako niliipata Alhamisi, cherehani ikinguruma. Niliisoma kwa sauti karakana nzima isikie, maana mpwa akimwomba mjomba wake ushauri, hilo si jambo la kunong'ona. Kwamba mnapanda mlima wewe na wenzako wa kazini, mabegi mgongoni, kulala kwenye hema, na unataka nikutumie kile kiriba changu maarufu ili mbebe kinywaji bila kuvunjika migongo. Nilijisifu mpaka sauti ikakauka. Halafu nikafika ule mstari wako wa mwisho, ulioubana pembeni kwa kalamu nyingine: "Nguo nzito nitaziacha, mjomba. Kiriba chako kitanipa joto."

Kijiti, niliurudia mstari huo mara mbili. Cherehani nikaizima. Yule fundi viatu ninayepanga naye chumba cha karakana, Kisigino, akainua kichwa.

"Vipi, kuna msiba?"

Nikamwambia, "Bado."

Simu yako naipiga tangu siku hiyo haipatikani. Ndiyo maana naandika.

Kwanza nikupe ulichoomba, usije ukasema mjomba siku hizi amekuwa mhubiri. Chupa ya kioo iache nyumbani. Kioo ni mzigo kikijaa, ni mzigo kikiwa kitupu, na kikikuvunjikia ndani ya begi unalalia vipande vinavyonuka. Bia nayo iache. Bia ni maji yaliyokwenda shule, na maji ya bure yapo huko huko juu. Chukua pombe kali kidogo, na unga wa juisi ya limau uufunge kwenye karatasi ya nailoni. Mkishafika unachanganya na maji ya kijito mliyoyachemsha. Mkipenda mvinyo, nunua ule wa boksi. Boksi tupa, bakiza mfuko wa ndani na kibomba chake. Mfuko huo ndio kiriba. Cha kwangu nimekivika turubai na mkanda. Kinywaji kikipungua unakibana, hewa haipati nafasi, na kikiisha unakikunja kinaingia ndani ya soksi. Niliishia darasa la sita, lakini wenye vyeti wanakuja kuuliza nimekishonaje. Kimoja kilinidondoka kutoka ghorofa ya nne, kikadunda barabarani, kikarudi dirishani nikakidaka. Kisigino ni shahidi, ingawa yeye anasema ilikuwa ghorofa ya kwanza na hakikurudi.

Sasa tuje kwenye joto.

Unamkumbuka Cheche, shemeji yangu mchomeleaji, kaka yake mke wangu, aliyekuungia ile baiskeli yako ya kwanza ilipokatika shingo. Mwezi wa pili nilipanda mlima na yeye na Kisigino. Wewe uliambiwa tulinyeshewa tukarudi mapema. Hiyo ni kweli, lakini ni kama kusema begi lina mkanda ukaacha kusema mkanda umekatika.

Kabla ya safari tulipima mabegi kwenye mizani yangu ile ya kuning'iniza. Mapatano yalikuwa begi likizidi, mwenyewe anapunguza papo hapo, hakuna kusaidiwa. La Cheche likazidi, maana alibeba viriba viwili vimejaa pomoni. Nikamwambia, "Shemeji, punguza." Akaingiza mkono, nikajua anatoa kiriba. Akatoa sweta! Ile ya kijivu, nzito, aliyofumiwa na dada yake. Akaitundika kwenye gurudumu la cherehani yangu, akapigapiga kiriba kama mtu anayepiga shavu la mtoto.

"Sweta yangu ni hii hapa."

Tulicheka mpaka Kisigino akatema misumari aliyokuwa ameibana mdomoni. Begi likapimwa tena, likawa jepesi, tukapongezana. Sasa soma tena mstari wako ule wa pembeni, mpwa wangu.

Huko juu mvua ilitukuta mchana, ile nyembamba isiyo na kelele, inayoingia shingoni kama mwizi. Tukawa tunatembea, tunasimama, Cheche anabonyeza kibomba. Alianza kutetemeka, meno yakigongana kama mkasi wa kinyozi. Akanywa. Akaacha kutetemeka. Sisi tukaona dawa imeingia, Kisigino akataka na yeye aonjeshwe.

Kijiti, hapo ndipo pa kuogopa. Mtu aliyelowa anayetetemeka, mwili wake bado uko kazini. Akiacha kutetemeka na bado amelowa, ujue mwili umefunga duka.

Akaanza kujikwaa pasipo na jiwe. Akaniita kwa jina la marehemu baba yake. Kisha akafungua koti la mvua, akalivua kabisa. "Joto gani hili, jamani? Mnavumiliaje nyinyi?" Midomo yake ilikuwa na rangi ya majivu. Nikainama kuliokota lile koti nimrudishie, na ukungu nao ukashuka. Nilipoinuka, Cheche hayupo.

Wewe unanijua. Mimi ndiye niliyemfukuza fisi kwa mkasi wa kukatia turubai, na fisi mwenyewe alikuwa na ukubwa wa punda. Lakini siku ile nilisimama na koti la mtu mkononi, sijui nielekee wapi. Niliita "Cheche!" ukungu ukanirudishia sauti yangu mwenyewe, nyembamba, kama ya mtu mwingine anayenidhihaki. Kisigino akashika mkanda wa begi langu akagoma kuuachia, akisema na sisi tukiachana tumekwisha. Tukaenda hivyo, kama watoto wanaocheza treni. Tukakuta fulana yake kwenye kichaka. Mbele kidogo kiatu. Kila kitu nilichokikuta nilikiogopa kuliko kile cha kabla yake, maana nilijua nguo za mtu mmoja si nyingi.

Tulimkuta nyuma ya jabali, amekaa, kifua wazi, anatabasamu. Mvua inampiga hata hapepesi macho. Akaniambia kwa upole kabisa, "Shemeji, niache nipumzike kidogo tu." Sijawahi kusikia maneno mabaya kuliko hayo, na yalisemwa kwa adabu.

Kisigino, ambaye siku zote analalamika hata chai ikiwa ya moto, siku hiyo alitangulia kushusha begi. Alisimamisha hema palepale. Tukamkausha kwa shati langu, nikamvalisha sweta yangu, nikamtia kwenye mfuko wa kulalia na mimi nikaingia humo humo. Kumkumbatia ilikuwa kama kukumbatia bomba la maji. Kisigino akachemsha maji, akayatia sukari, na alipoanza kumeza vizuri tukamnywesha kijiko kwa kijiko. Viriba vilikuwa pale pembeni vimelala, vina tumbo bado, hakuna aliyevitazama. Hatimaye meno yake yakaanza kugongana tena. Nilifurahi kuliko siku ya harusi yangu. Mstari huu mke wangu asiuone.

Asubuhi tulimshusha mpaka hospitali. Daktari alitueleza kwa maneno marefu, mimi nikamfupishia kwa lugha ya mabegi na akakubali: pombe haileti joto, inafungua zipu. Joto lililokuwa ndani linatoka, na wewe unalisikia likipita kwenye ngozi, unasema, "Aa, nimepata joto." Kumbe unaliaga.

Alipona, ndiyo. Anakula, anacheka, anakusalimia. Lakini vidole vya mkono wa kushoto havijarudi sawasawa. Mwezi uliopita nilipita kwake, amevua glavu, ameshika kwa mkono huo chuma alichotoka kukichomelea, ananisimulia habari za mpira. Nikasikia harufu. Nikadhani ni mpira wa waya. Cheche na yeye akanusa, akageuka huku na huku.

"Nini kinaungua?"

Kijiti, alikuwa ni yeye.

Tangu hapo nikishika pasi ya kulainishia turubai naangalia kwanza vidole vyangu kama bado vyangu. Na tangu barua yako, naviona vyako. Vile vyembamba, vilivyokupa jina.

Mama yako aliniomba nimsomee ulichoandika. Nikamsomea, ule mstari nikauruka, nikaweka kikohozi mahali pake. Akanitazama, "Kaka, mbona umekohoa hapo?" Nikamwambia ni vumbi la turubai. Kitambaa cha kichwa hajakivua tangu siku hiyo. Mpigie, tafadhali, umwambie unakwenda na nguo nzito. Na iwe kweli.

Sikukatazi kwenda, wala sikukatazi kinywaji. Mkataze kijana kunywa, naye atakunywa mara mbili. Ila kunywa mkishafunga hema, mmekula, mmekauka, na usinywe njiani hata tone. Mwenzako akiacha kutetemeka kabla hajakauka, usimpongeze. Mshike, na usiinamie kitu chochote.

Kiriba nimekutumia. Mzigo nimempa dereva wa basi, yule mwenye pengo, anayeujua mtaa wako. Ukifungua utashangaa, maana utaona sweta. Ni ile ile ya kijivu, iliyobaki kwenye cherehani yangu. Haijawahi kufika mlimani. Aliichukua tuliporudi, na Cheche mwenyewe ndiye aliyeileta niliposimulia barua yako. Aliiweka mezani akaondoka bila utani, na Cheche kuondoka bila utani ni jambo la kutangazwa redioni.

Kiriba kimo ndani ya sweta. Nimekishonea tumboni, upande wa ndani, kwa ule uzi wa mahema usiokatika kwa meno wala kwa wembe wa kinyozi, na kibomba kinatokea kwenye kitobo kidogo karibu na kola. Kibomba hicho hakifunguki mpaka sweta iwe imevaliwa na kuvutwa mpaka kiunoni. Nimejaribu mwenyewe mbele ya Kisigino. Ukitaka kunywa, mpwa wangu, lazima kwanza uvae. Na mzigo ukizidi kwenye mizani, punguza kitu kingine.

Kama unasoma haya ukiwa umesharudi salama, basi nimeogopa bure, na sijui kitu ninachokitaka kuliko kuogopa bure.

Nisalimie mdogo wako wa kike na shangazi yenu anayewapikia, umwambie begi lake la safari zipu iko tayari. Mama yako, mke wangu na Kisigino wanakusalimu. Mungu akufunike ukipanda, na akufunike zaidi ukishuka.

Ni mimi mjomba wako, nikupendaye bila kupima mizani,

Fundi wa Mlango wa Bluu.

Nimesahau: Cheche anasema sweta ni yake, amekuazima tu. Anataka uirudishe wewe mwenyewe, kwa mkono wako, ikiwa na matope ya huko juu.