Landrova Iliyotazama Barabara

Bangwe, Kigoma

Dada yangu Tausi,

Shikamoo. Habari za hapo Manyoni? Goti la Mama limepata nafuu? Mimi mzima, ila nanuka dagaa hata nikioga ziwani mara mbili.

Gari nimepata, lakini soma mpaka mwisho kabla hujaninunia. Ng'ombe wako wawili ndio wamegeuka gari, na likifia kwenye matope ya Uvinza, biashara yetu ya dagaa imekufa nalo. Ndiyo maana sikumwamini mtu.

Yalikuwa mawili. La kwanza pikapu nyeupe ya petroli, kule Buzebazeba. Nyepesi, usukani laini, viti havijachanika. Mwenyewe akaniapia haijawahi kubeba mzigo, na mlangoni, chini ya rangi mpya, yanaonekana maandishi ya magari ya kambi ya wakimbizi! Tena kila nikienda nakuta boneti ya moto. Nikajiuliza, kwa nini hataki niione ikiwaka asubuhi ikiwa baridi? Siku ya tatu nikaenda mapema bila taarifa. Wanaume wanne walikuwa wanaisukuma.

La pili Landrova ya dizeli, Mwandiga, ya Mzee Nestori, Mrundi aliyekimbilia huku nayo akiwa na mke na watoto. Usukani wake unataka mabega, gia ya tatu inaruka, na mwendo wake ni wa kupeleka bibi harusi. Lakini ilipanda mlima na magunia kumi bila kukohoa. Ubovu wote alinitajia mwenyewe, hapo ndipo nikazidi kuogopa. Muuzaji gani anaichongea mali yake? Halafu kila siku ilisimama pua ikitazama barabara, nyuma dumu la dizeli limejaa, ufunguo kauning'iniza shingoni. Nikasema moyoni, hii ya wizi, na mzee yuko tayari kutoroka.

Nikamuuliza waziwazi. Hakukasirika.

"Mwanangu," akasema, "siku ile ya mauaji kwetu, jirani yangu alifikiwa bado anageuza gari uani. Letu lilikuwa limeshageuka." Akavua ufunguo shingoni, akasema, "Tangu hapo sijaliegesha vingine. Sasa nimechoka kuitazama barabara. Lichukue."

Niliona haya, Dada. Nikalichukua.

Jana nilimrudishia dumu lake. Pale gari lilipokuwa likisimama, nilimkuta yeye na mkewe wanapanda maharage.

Msalimie Mama, na shemeji yangu fundi baiskeli, mwambie anitafutie springi ya nyuma. Msalimie na mjomba aliyetusaidia kuuza ng'ombe wako, ingawa naye bado simwamini.

Niachieni nafasi uani. Nikifika nitaliegesha likitazama nyumba.

Mdogo wako,
Hamisi