Hela ya Swarupa Mkononi mwa Swarupa

Gangaram,
Jumapili mchana.

Kwa dada yangu mpenzi Posavva,

Salamu nyingi zikufikie huko Bhiwandi, wewe, shemeji na watoto wote. Mgongo wa shemeji unaendeleaje? Mwambie aache kubishana na ile mashine ya kufuma, mashine haina huruma. Sisi huku hatujambo. Baba yuko salama. Mama miguu inamsumbua, ila mdomo mzima kabisa, anakusalimu na kukulalamikia kwa pamoja. Mvua imetupendelea mwaka huu na pamba imesimama vizuri.

Ningekupigia simu, lakini kwenye simu hunipi nafasi, nikifungua mdomo tu umeshanikatiza. Leo nina habari ambayo lazima uipate yote, toka kichwa hadi mkia. Dada wee, kaa kitako! Chai iwe karibu.

Unajua vikundi vya kina mama huku kwetu vina mfuko wa bima. Kila nyumba inachanga kidogo kwa mwaka, na mchangaji akifa, mkewe anapewa hela za mazishi siku ileile, halafu ile hela kubwa analetewa siku ya kuanua matanga, mbele ya ndugu wote, ili asitokee wa kusema hakuona. Hakuna bwana mkubwa wa ofisini, ni sisi kwa sisi. Usichokijua ni kwamba mpeleka hela wa vijiji vyetu sasa ni mimi! Ndiyo, mimi Lachavva mjane, mwenye mkosi, ambaye wanaume wakikutana nami asubuhi wanarudi nyumbani wanywe maji kwanza ndipo waanze safari upya. Jina langu lilipotajwa kikaoni wengine waliguna, wakauliza tangu lini mjane akatumwa kwenye nyumba za watu. Rajavva, mwenyekiti wetu, ulimi wake unaujua, akawauliza nyumba ambayo tayari ina maiti nitaipelekea mkosi gani tena. Watu walicheka mpaka wakasahau kupinga.

Basi mwezi huu tumempoteza Srisailam mgema, yule aliyekuwa akikuita shemeji wa Bombay, maana kwake Bhiwandi nayo ni Bombay tu, na kukuwekea tembo la kwanza la asubuhi. Kamba ilimkatikia akiwa juu ya mti wa mvumo, akaanguka. Nililia, Dada, sikujificha. Ameacha mke mdogo, Swarupa, na kibinti ndiyo kwanza kinajifunza kusema. Na majivu hayajapoa, kaka wa marehemu, Komurayya, mwenye kilabu cha tembo, akaanza kutangaza kwamba Swarupa atarudishwa kwao kwa kuwa hakuzaa mwana wa kiume, na kwamba hela ya bima ataitunza yeye. Ataitunza! Fisi kupewa bucha. Wazazi wa Swarupa ni vibarua wa kushinda kwenye mashamba ya watu. Akiipata ile hela, atanunua nyati wa kufugwa, wa maziwa, na kukaa kwenye kibanda chake na mwanawe. Asipoipata, atakuwa mtumwa popote atakapokwenda.

Siku ya kuanua matanga tukaenda, mimi na Rajavva, hela imefungwa kwenye kitambaa. Alfajiri walikuwa wameshampeleka Swarupa bwawani, wakamvunja bangili, wakamfuta kwenye paji la uso lile tone jekundu la mwenye mume, wakamrudisha na kumfungia chumba cha nyuma. Wewe unajua ilivyo, mwanamke mwenye mume hathubutu kumwona uso siku hiyo, asije naye akafiwa. Komurayya akasimama mlangoni, masharubu kayapaka mafuta, akawaambia watu kwamba jamani mila ni mila, mfiwa haonekani, kwa hiyo yeye kama mkubwa wa nyumba atapokea kwa niaba yake. Rajavva akamjibu kwamba sheria ya mfuko ni mkononi mwa mke, mbele ya mashahidi. Unajua alichomwambia? “Ingia basi, mama mwenyekiti. Mumeo si mzima? Umuage kwanza.”

Rajavva haogopi polisi wala nyoka, lakini nilimwona akiushika mkufu wake wa ndoa na kurudi nyuma. Simlaumu. Kina mama wengine nao wakarudi. Ndugu wakaanza kunung'unika kwamba apewe tu Komurayya, yaishe, nyama ya mbuzi inapoa.

Hapo kitu kikanipanda kutoka miguuni. Nikaikumbuka siku yangu mimi, nilivyokaa kwenye chumba kama kile nikisikia watu wakigawana vitu vya marehemu mume wangu nje, pamoja na jembe lake na baiskeli, na hakuna aliyeingia kuniuliza. Nikaenda mpaka mlangoni, nikamwambia, “Komurayya, mimi sina mume wa kumuaga. Nipishe.”

Angenizuiaje, na sheria ameitangaza mwenyewe mbele ya ukoo mzima? Akatafuta pa kushika, akasema haya, mimi niingie, lakini ni mmoja tu, na hao mashahidi nitawatoa wapi. Lo! Akawa amenionyesha njia. Nikageuka nyuma kwenye zizi, walikoketishwa wajane wengine kwenye mkeka wao, wakisubiri kula mwisho kama kawaida, nikawapigia kelele waje, kwamba leo tunatakiwa sisi. Walitazamana kwanza. Kisha bibi Mallavva akaokota fimbo yake na kutangulia. Komurayya akamuuliza kama anajua anakokwenda. Bibi akamwambia hajui, ila tangu afiwe hajawahi kuitwa mbele, kwa hiyo anakwenda kwanza, atauliza baadaye. Tulijaa chumba kile mpaka wengine wakasimama kizingitini.

Swarupa alikuwa ameelekea ukutani, amejifunika shuka jeupe, anatusihi tutoke asije akatuletea balaa. Bibi Mallavva akamwambia balaa tulishalimaliza sisi zamani, yeye hakubakiziwa. Dada, msichana yule alicheka! Alicheka na kulia, na sisi sote tukalia naye. Nikamtia hela viganjani, bibi akamkunja vidole juu yake. Akaniuliza kwa sauti ndogo kama shemeji yake hawezi tena kumnyang'anya. Nikamwambia amwambie mwenyewe. Basi akavuta pumzi na kupaza sauti kupitia ukutani, “Shemeji, nimepokea mimi! Na sihami!”

Halafu huko nje nani akapiga kigelegele? Rajavva, kwenye msiba wa watu! Wenzake walimziba mdomo kwa mikono, lakini kilishatoka. Komurayya akajitia kwenda kuangalia nyama. Sasa Swarupa amekwisha kumchagua nyati wa kununua, jike lenye pembe moja, na mwenye mali anapandisha bei kila siku, naye kila siku anamshusha.

Sasa la mwisho, na hili ndilo lililonifanya nikimbie simu. Ujumbe wako kuhusu harusi ya binti yetu Lavanya mama alinifikishia, kwamba nije siku ya pili, mambo yakishakwisha, ili mtoto aanze salama bila mjane mbele yake. Iliniuma, Dada, sikufichi. Lakini sikukasirika, maana naijua hofu ya mama mwenye binti mmoja. Ila Lavanya alinipigia mwenyewe. Amesema saa ya kufungwa mkufu wa ndoa, wa kumwinulia nywele shingoni awe mimi, mama yake mdogo, si mtu mwingine. Nimemkubalia. Bwana harusi anajua, amesema kwao hawana neno. Mama naye anajua. Aliyekuwa hajui ni wewe peke yako. Tulikuficha wote, na mimi ndiye niliyesema tufiche, nikiogopa utamliza mtoto.

Sasa siogopi. Nakuja kabla ya siku yenyewe, na nitaingia kwa mlango wa mbele. Ukitaka kunigombeza, nigombeze nikishafika, tukiwa tunamenya vitunguu. Wala usiniulize nitavaa nini. Nyeupe ya ujane nimeiacha sandukuni, nimeshanunua sari ya kijani.

Nisalimie shemeji, nibusie watoto, na majirani wote wa mtaa wa viwandani uwape salamu zangu. Baba anasema umwekee godoro nene.

Mimi mdogo wako akupendaye,
Lachavva.