Buldoza Isiyo na Klachi

3 Februari

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini u mzima na goti limepungua uvimbe. Mimi sijambo, ninaendelea kufundisha hesabu watu waliogoma kufikiri.

Mama ameniambia uliyonificha: kwamba umepewa kazi ya kuchimba bwawa, na kwamba daktari amesema ukiendelea kukanyaga klachi ya hilo kopo lako la buldoza, goti halitamaliza mwaka. Karibu na shule kuna yadi ya mashine za mtumba. Nimeona buldoza mbili kubwa, zote za haidrostati: injini inazungusha pampu, pampu inasukuma mafuta, mafuta yanazungusha minyororo. Hakuna klachi kabisa. Mguu wako wa kushoto utakaa kama mgeni. Niruhusu nikazikague.

Binti yako

12 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Goti lipo, linakusalimu. Mama yako ana mdomo.

Miaka ishirini na sita naendesha kwa gia. Klachi ndiyo inayoniambia udongo una hasira au hauna. Sasa nikaulize mafuta? Lakini hii yangu inakwangua kama kuku, na bwawa halichimbwi kwa kukwangua. Nenda. Ila usininunulie rangi.

Baba yako

20 Februari

Baba,

Shikamoo. Habari za nyumbani? Huku salama.

Nimeipata! Ya njano. Nimeijaribu dakika kumi: inakwenda mbele na nyuma kwa kijiti kimoja tu, na ina nguvu ajabu. Ile nyingine ina kutu na kiti kimechanika. Sema ndiyo, nimalizane na muuzaji Ijumaa ijayo.

Binti yako

25 Februari

Msomi wangu,

Marahaba, hatujambo. Dakika kumi? Hata chai haijachemka! Fundi wangu anasema mafuta yakiwa baridi huwa mazito, na hata pampu iliyochoka hujifanya kijana. Ifanyishe kazi hadi mafuta yapate moto sawasawa, halafu uisukume kwenye lundo la udongo. Zote mbili.

Nakuambia wewe tu: siku hizi nashuka kwenye mashine kinyumenyume, polepole, nikijifanya nakagua minyororo. Tukikosea hii, sitapata nafasi nyingine.

Baba yako

2 Machi

Baba,

Shikamoo. Nimesoma barua yako mara nyingi kuliko nitakavyokiri.

Ijumaa nilikaa yadini saa tano nzima. Muuzaji aliniuliza, "Dada, unanunua au unachumbia?" Nikamjibu, "Nachumbia. Naona posa inakukera." Saa ya pili ile ya njano ikaanza kuvuta kushoto. Kwenye lundo, injini ilinguruma vilevile, lakini minyororo ikasimama tuli. Muuzaji akaanza kutazama simu yake.

Ile yenye kutu ikapata moto, ikanyooka, ikalihamisha lundo lote. Niliiendesha mwenyewe, Baba. Nikageuka kutazama alama zake chini: mistari miwili, sambamba. Niliona aibu. Nilikuwa nimetamani sana upone, hata nikaacha kutazama.

Inakuja Jumanne kwa lori. Usipoipenda, nikasirikie mimi.

Binti yako

28 Machi

Baba,

Shikamoo. Hii ni barua ya pili, na ile ya kwanza hujaijibu. Mama naye kwenye simu anasema tu, "Muulize mwenyewe." Je, imeharibika? Je, ni goti? Niambie hata kama ni baya.

Binti yako

9 Aprili

Mwanangu,

Marahaba, na unisamehe. Wote wazima.

Wiki ya kwanza niliichukia. Mguu ulikanyaga sakafu tupu kutwa nzima ukitafuta klachi, na mama yako alikuja kutazama kwa makusudi, acheke. Sikutaka kukuandikia nikiwa na hasira. Wiki ya pili nikaanza kuisikia: udongo ukiwa mgumu, sauti ya pampu inapanda kidogo, nami nainua kidogo bapa la mbele linalosukuma udongo. Kumbe nayo inasema, ila haipigi kelele. Kuanzia wiki ya tatu nilisahau kuandika, kwa sababu nilikuwa kazini kila siku.

Bwawa limefika nusu. Jana msimamizi aliniuliza kama nitaweza kuchimba la pili, mwakani. Nilikubali kabla hajamaliza kuuliza, kisha nikabaki nimekaa juu ya kile kiti kilichochanika. Mwakani! Sikumbuki lini mtu aliniuliza habari za mwakani.

Baba yako