Mafuta ya Nazi kwenye Pampu

Ndugu yangu Elia,

Barua zetu zote tulizianza kwa "mimi mzima, wasiwasi ni juu yako." Leo nimeandika nusu ya kwanza, kalamu ikakwama. Basi iishie hapo: mimi mzima. Nimekaa uani kwangu Ngamiani, alasiri imeshapita, stovu yako iko mbele yangu na birika liko juu yake. Nina neno ambalo ningekwambia miaka minne iliyopita kama ningekuwa na uso wa kukutazama.

Kwanza habari. Mkeo hajambo, ila amekonda. Amehama Chumbageni, amerudi kwenu mlimani kwa kaka yake pamoja na watoto. Safari za sindano za buba zinaendelea, na Kigombe siku hizi mtoto mwenye vidonda ni wa kutafuta. Dresa wa sindano niliyepewa baada yako ni kijana msafi, lakini anachemsha sindano huku akitazama saa kila mara kama anayengoja treni. Ungemcheka. Wewe hukuwa na saa. Uliweka sufuria motoni, maji yakianza kuchemka ukaimba nyimbo tatu za kanisani, beti zote, taratibu, ndipo ukafunua. Mimi niliyesoma chuo cha Kurani kwa maalimu nilizijua zote tatu, na nilikuwa mtu wa kuruka beti. Ulinisikia kila mara, ukaanza upya.

Nakumbuka siku ya kwanza uliponiachia stovu, chini ya mkorosho, watu wamejipanga na watoto wao. Spiriti kidogo kwenye kikombe, uliniambia, uiache iwake mpaka ikaribie kwisha, ndipo upige pampu. Mimi na haraka zangu nikapiga mapema. Mafuta ya taa yakaruka mabichi, moto ukapanda mpaka usoni kwangu. Ulifungua skrubu ya upepo kwanza, ukanitazama, ukasema, "Hamza, nyusi zako zilikukosea nini?" Kina mama walicheka mpaka watoto wakasahau kulia. Wiki nzima uliniita Bwana Kipara wa Machoni.

Stovu ile uliijua kama mtu anavyoijua baiskeli yake. Tundu likiziba unalizibua kwa kisindano chake, polepole, usilipanue. Moto ukiwa wa njano unapiga kelele kwamba mtu ameijaza mafuta kupita kiasi, na mtu huyo alikuwa mimi. Na ile ngozi ndogo ya ndani ya pampu hukutaka ikauke. Kabla ya kila safari ilipakwa mafuta ya cherehani.

Sasa nifike huko.

Safari ile ya kwenda kwenu milimani uliniomba niipake ngozi mimi, kwa sababu wewe ulikuwa ukifunga dawa. Kichupa cha cherehani kilikuwa kitupu. Kukwambia nimesahau kukijaza niliona haya, na dukani niliona mbali. Nikachukua mafuta ya nazi ya mama. Sisi watu wa pwani tunayapaka kila kitu: nywele, bawaba za mlango, mtoto mchanga. Najua huganda asubuhi za kipupwe. Tunaanika chupa juani, kufikia saa nne yameyeyuka. Nilichosahau ni kwamba kwenu jua lenyewe huwa halijaamka saa nne.

Asubuhi ile ukungu ulikuwa umeshika mpaka mlangoni. Watu wametoka mbali, wengine wamebeba wazee. Ukapiga pampu, ikakataa. Kijiti hakitaki kwenda, upepo hauingii. Ukakichomoa, ukaitazama ile ngozi kwa muda, ukainusa. Kisha ukaitia kwapani, ndani ya koti, ukasimama hivyo huku ukiwasalimu wazee wa kwenu kama mtu aliyeumia mkono. Kila ulipoirudisha kwenye pampu ya baridi, mafuta yaliganda tena. Kuni zilikuwa zimelowa, jiko la mafiga likafuka moshi tu. Mimi ndiye niliyesema tuzioshe sindano kwa maji ya vuguvugu, tuanze. Ulikataa. Ulisema maneno machache tu: "Hamza, siwachomi watu wangu uchafu. Wala wa kwenu sitawachoma."

Stovu iliwaka saa saba, jua lilipotoka. Nusu ya watu walikuwa wamekwisha kurudi makwao. Mkubwa wetu wa safari ndiyo saa aliyofika, akauliza stovu iko mikononi mwa nani. Ukasema, "Mikononi mwangu." Mimi nilikuwa nimeshika sufuria, Elia. Nilikuwa nimesimama hapo hapo. Nikatazama maji.

Wakakuandika mzembe, wakakutoa safarini, wakakuweka stoo kuosha chupa mpaka ulipougua. Stovu ilipotupwa kwa uzee uliiokota, ukauziba ufa wake kwa risasi ya kuyeyusha, na Jumapili ukanialika chai uani kwako. Nilikunywa chai hiyo miaka minne. Kila kikombe nilitaka kusema. Kila mara nikakusifia sukari.

Siku mkeo alipofunga mizigo alinikabidhi stovu pamoja na kikopo cha tumbaku. Ndani mlikuwa na ile ngozi ya zamani, imekauka, na bado inanukia nazi. Nikaanza kujieleza, akanizuia. Alisema, "Alijua tangu siku ile, shemeji. Alisema usiulizwe, utasema mwenyewe. Kila Jumapili alikuwa akingoja."

Nililia mbele ya wapagazi bila kujificha.

Basi nimesema. Nilikukosea, ndugu yangu, na nilikuacha uende na kosa langu. Karatasi yako bado iko ofisini na neno lile, mzembe, liko juu yake. Jumatatu asubuhi nitakwenda kwa mkubwa na kikopo hiki, nimwambie aandike jina langu mahali pa lako. Akiniweka stoo, chupa zitakuwa safi. Kisha nitapanda kwenu, niwaambie watoto wako mbele ya mama yao.

Lala salama, Elia. Mungu uliyekuwa ukimwimbia akupokee vizuri.

Ngozi mpya nimeipaka mafuta ya cherehani. Moto ni wa buluu, unavuma sawasawa. Maji yamechemka zamani, lakini sijalitoa birika, kwa sababu niko kwenye wimbo wa tatu na sijaruka beti hata moja.

Wako,
Hamza