Nguo Ulizomshonea Njeri

Mama Njeri,

Ninakuandikia nikiwa hapa hapa Shauri Moyo, mezani pangu, saa nane mchana. Mvua imefukuza wateja. Upande wako wa chumba umechukuliwa na mama mmoja anayeuza uzi na vifungo. Ni mtu mpole, lakini haimbi. Miaka ishirini na miwili nilikulalamikia kwamba unaimba nyimbo za harusi huku umekanyaga cherehani, na leo kimya hiki ndicho kinachonichosha.

Nimechoka, dada. Magoti yanauma. Kutunga uzi kwenye sindano sharti nisimame mlangoni penye mwanga. Watu wanashuka Gikomba kununua mtumba badala ya kungoja fundi. Lakini hayo uliyajua. Ninalokuandikia ni jambo la Njeri, kwa sababu ulikufa tukiwa hatusemezani juu yake, na tangu hapo sijapata mahali pa kuliweka.

Video ile ilipozunguka kwenye simu za kina mama wa kanisa, mimi nilikuwa miongoni mwa wa kwanza kuipata. Njeri, msichana niliyemshonea sare yake ya kwanza ya shule, alikuwa jukwaani katika ukumbi mmoja mjini, amevaa manyoya na vitu vya kumetameta, anavua glavu kidole kwa kidole huku watu wakishangilia. Mchezo huo yeye huuita balesk, naandika ninavyousikia. Ni kucheza, na kuchekesha, na kuvua nguo polepole bila kuzimaliza. Nilikuja kwako na simu mkononi nikidhani nakuletea msiba. Ukaitazama hadi mwisho, ukasema glavu zimemkaa vizuri. Hapo ndipo nilipojua ni nani aliyezishona. Ulizishona humu humu, siku nilizokuwa nikipeleka majoho ya kwaya, na yale manyoya ulikuwa umeyang'oa kwenye kofia za mtumba.

Nilikuambia neno ambalo silisahau. Nilisema, "Mtoto wako anavua nguo mbele ya walevi, na wewe ndiye unayemshonea za kuvua."

Hukupandisha sauti. Uliendelea kukunja pindo, ukasema, "Nikimshonea mimi, najua zinaishia wapi."

Tulibishana wiki nzima. Ulinikumbusha kwamba tulipokuwa wasichana, mimi na wewe tulikuwa katika kikundi cha ngoma cha mtaa, tukivaa sketi za mkonge na kutikisa viuno mbele ya wageni wa serikali, na hakuna aliyetusema. Nikakujibu kwamba ile ilikuwa ngoma ya kwetu. Ukaniuliza kiuno kinajuaje kinacheza ngoma ya kina nani. Nikakasirika zaidi. Baada ya hapo yakabaki maneno ya kazi tu. Nipe makasi. Umeona tepu? Fundi wa umeme amekuja. Miezi mitano hivyo, Mama Njeri, watu wawili ndani ya chumba kimoja, migongo imeelekeana.

Halafu presha ikakuangusha siku ya Jumanne, na Ijumaa ukawa umeenda. Nilifika hospitali mara mbili. Mara zote mbili ulikuwa umelala, na mimi, Mungu anisamehe, nilishukuru kwamba umelala.

Sasa nikuambie lile ambalo hukuliona. Kwenye mkutano wa matanga, nyumbani kwako Makongeni, ilipofika zamu ya kupanga nani atasoma wasifu wako, Mama Lydia alisema si vizuri Njeri asimame madhabahuni, kwa sababu watu wote wameiona ile video na watakuwa wakimtazama yeye badala ya kukuaga wewe. Alisema kwa upole. Kina mama wengine wakaitikia kwa vichwa. Njeri alikuwa jikoni anamimina chai, na mlango ulikuwa wazi. Wakaniangalia mimi, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa karibu nawe kuliko wote. Nikaangalia kikombe changu. Akasoma binamu yake kutoka Murang'a, ambaye hata jina la mtaa wetu alilikosea.

Mama Lydia si mtu mbaya, na nataka ulijue hilo hata huko uliko. Binti yake mkubwa alianza kucheza kwenye vilabu akiwa na miaka kumi na minane, akaahidiwa makubwa na wanaume waliomzidi umri, akarudi kwa mama yake amekonda na hazungumzi. Mama Lydia akimwona Njeri jukwaani, haoni sanaa. Anaona mlango ule ule ambao mtoto wake alipitia. Mimi pia niliuona mlango huo. Bado nauona siku nyingine.

Miezi mitatu baada ya mazishi, Njeri alikuja kuchukua cherehani yako. Alinisalimu, "Shikamoo, Anti," kama ulivyomfundisha. Alipokuwa akikusanya vitu vyako, akatoa chini ya meza mfuko wa nailoni, na ndani yake kulikuwa na koseti, lile vazi la kubana kiuno linalofungwa kwa kamba mgongoni, la rangi ya divai. Ubavu mmoja ulikuwa umeunganishwa, mwingine umeshikwa kwa pini tu. Alama zako za chaki zilikuwa bado juu yake. Mimi na yeye tukazitazama.

Hakuniomba nimalizie. Nilimuuliza mwenyewe ataipeleka wapi. Akasema amewahi kupeleka nyingine kwa mafundi wawili. Mmoja alimcheka, wa pili alitaka aivae kwanza mbele yake ndipo aishone. Alilisema kama mtu anayesema njia ina matope. Nikaanza kuwaza ni mara ngapi amekutana na matope hayo, na ni mara ngapi wewe ulimwepusha nayo kwa kukaa hapo na kukanyaga cherehani.

Nikamwambia aiache.

Ilinichukua siku nne. Nilikuwa sijawahi kushona kitu kama kile, na kazi yako, nikuambie ukweli, ilikuwa safi kuliko yangu. Vile vijiti vya plastiki vya kusimamisha kitambaa ulikuwa umevifunika mara mbili ili visimchome. Bitana ulikuwa umeiweka ya pamba, ili asitoke vipele. Nikajua kwamba hakuna kitu ulichofanya kwa kunikomoa, kama nilivyokuwa nikijiambia. Ulikuwa unamshonea mtoto nguo ya kazi.

Alipokuja kuichukua alinialika. Maonyesho yalikuwa Jumamosi saa kumi jioni, kwenye ukumbi mdogo ghorofani. Nilisema sitaenda, nikaenda. Nilikaa kiti cha karibu na mlango, mkoba magotini. Kilichonishangaza kwanza ni kwamba wengi waliokuja walikuwa wanawake, tena wa makamo. Aliyekaa kando yangu alikuwa muuguzi, na sare yake ilichungulia chini ya sweta. Akaniambia yeye huja kila mwezi, na ndiyo saa pekee anayocheka bila mtu kumuuliza anacheka nini. Mwanamke mwingine, wa umri wangu, aliondoka katikati huku akitikisa kichwa. Niliwaelewa wote wawili. Hilo ndilo linalonichosha, Mama Njeri, kwamba siwezi tena kuchagua upande mmoja nikapumzika.

Njeri akatoka. Alikuwa amevaa koti refu na kitambaa kichwani, kama mama anayeenda kwenye maombi ya wiki, na mkoba mweusi mkononi. Kila hatua mbili alikuwa akiupapasa mkoba kuhakikisha zipu imefungwa. Ukumbi ukacheka. Nami nikacheka, kabla sijajua ninamcheka nani. Kisha nikatazama mikono yangu, na mikono yangu ilikuwa ikipapasa zipu ya mkoba wangu.

Uso ulinichoma. Nilishika kiti niinuke. Ndipo nikaona mwendo. Bega la kushoto chini kidogo, mguu wa kushoto ukichelewa kuufuata wa kulia, na kidevu kikiwa juu kama cha mtu asiyetaka kuonewa huruma. Mkoba ulikuwa wangu, lakini mwendo ulikuwa wako. Zaidi ya miezi mitatu ulikuwa ardhini, na ghafla ulikuwa unakatiza mbele yangu ukienda zako. Nikakaa. Sikuweza kufanya lingine.

Akaanza kuvua. Glavu, kitambaa, koti, na kila kimoja alikikunja vizuri na kukiweka juu ya kiti kama tulivyowafundisha watoto wetu, na watu wakacheka kwa sababu ya huko kukunja. Mwisho akabaki na koseti ile na sketi fupi. Hapo niliinamisha kichwa. Sitakudanganya kwamba nilitazama yote. Nyuma kulikuwa na wanaume wawili waliokuwa wakipiga kelele aongeze, na mmoja alitaja sehemu ya mwili wake ambayo siwezi kuiandika. Njeri alisimama, akamtazama hadi akanyamaza, kisha akaendelea. Ukumbi ulimpigia makofi kwa hilo. Mimi sikupiga. Nilikuwa nikifikiri kwamba mtoto hapaswi kuhitaji macho makali kiasi hicho kwenye kazi yake.

Najua ungenijibu nini. Ungesema wanaume wale wale huja hata harusini, hata kanisani, na wanatazama hivyo hivyo. Ni kweli. Bado sijaridhika. Wasichana wanaocheza naye wanasema ni uhuru, na labda kwao ni uhuru. Lakini wale wawili wa nyuma hawakuja kutazama uhuru wa mtu.

Baadaye alinifuata ngazini, amevaa suruali na fulana, jasho bado usoni. Akaniuliza, "Anti, umeonaje?"

Nikasema, "Mshono wa ubavuni umeshika."

Akacheka, kisha akalia, akinishika mkono pale ngazini huku watu wakitupita. Hakuniuliza lingine. Nami sikumwomba msamaha kwa ajili ya ule mkutano, ingawa nilikuwa nimejiandaa kuuomba. Huwa hivyo. Mtu hujiandaa, kisha anazungumza juu ya mshono.

Ulipotimiza mwaka, kanisa lilipanga ibada ya ukumbusho. Tukakutana tena nyumbani kwako, viti vile vile. Mama Lydia akapendekeza binamu asome tena. Safari hii nilisimama. Nikasema, "Njeri atasoma. Asiposoma, msinitafute." Mama Lydia akaniuliza kama na mimi nimeanza kuunga mkono mambo hayo. Nikamwambia hapana, siungi mkono, na siku hiyo hatukuwa tukizungumzia mambo hayo, tulikuwa tukizungumzia nani aliyezaliwa na marehemu. Mtu akaomba sukari.

Njeri alisoma. Alisoma vibaya, haraka haraka, akaruka mstari mzima na kurudi. Lakini jina la mtaa alilipatia, na mwaka tuliofungua chumba hiki, na kwamba ulikuwa ukiimba ukishona. Viti vya mbele kadhaa vilibaki vitupu. Mama Lydia alikuja, akakaa nyuma. Mwishoni alimpa Njeri mkono, akaondoka. Sijui maana yake. Sijamuuliza.

Majoho ya kwaya hawanipi tena. Wamepata fundi huko Kariobangi, mwenye mashine za kisasa. Hawakuniambia sababu, na mimi sikuuliza. Sasa nashona sare za shule, naziba mifuko, nabadilisha zipu. Na kila baada ya wiki chache Njeri huleta kitu kwenye mfuko wa nailoni, naye hukaa kwenye kile kiti cha wateja akinywa chai yangu na kuniambia habari zake, nyingine ambazo ningependa asiniambie. Tunabishana. Wiki iliyopita nilimwambia sketi mpya ni fupi mno. Akasema hiyo ndiyo kazi yake. Nikamwongezea vidole viwili vya kitambaa. Akaona, akaichukua.

Mvua imepungua, na kuna mama amesimama mlangoni na sweta ya mtoto. Acha nikuage, dada yangu. Pumzika. Uliishi na mimi kwa subira ambayo sikuiona hadi kiti kilipokuwa kitupu. Siwezi kukuahidi kwamba nitaipenda kazi ya mtoto wako. Hata wewe hukuwahi kuniambia kama uliipenda, na sasa siwezi kukuuliza. Nakuahidi hili tu: nikiwa na neno juu yake, nitamwambia yeye mwenyewe, usoni, na nikishamaliza kumwambia nitamshonea.

Ni mimi,
Mama Ayuma