Mate ya Hani

Modogashe, 3 Februari 2024

Bilan mwanangu,

Assalamu alaikum warahmatullah. Huku tu wazima, ila magoti yangu hulalamika kila wingu likipita bila kushuka. Wewe je? Unakula, au bado unashindia chai ya maabara?

Vichupa vyako vya mate nimempa dereva wa basi. Baba yako alitema kabla sijamaliza kumweleza, ungedhani anamtemea adui. Changu kimejaa, na cha mdogo wako Hani pia. Ukipata kilichomfanya afike miaka kumi na sita bila neno, niambie mimi kwanza, kabla ya baba yako.

Juzi nilimwota akizungumza na mvua. Alizungumza mpaka laga, mto wetu mkavu, ikajaa maji, nami nimekaa ukingoni nasikiliza tu. Nilipoamka sikukumbuka hata neno moja, lakini nilikuwa na furaha kutwa nzima.

Usinicheke Kiswahili changu. Kisomali hawakutufundisha kukiandika.

Hooyo, mama yako

*

Nairobi, 20 Machi 2024

Hooyo mpenzi,

Waalaikum salaam, na Ramadhani njema. Mimi mzima, na ninakula, wallahi.

Hooyo, vichupa viwili vina mate ya mtu mmoja. Nilirudia kupima nikidhani nimevichanganya mwenyewe. Yote ni yako. Utafiti wetu una watoto mia mbili wenye usonji, na jeni za kila mmoja nazisoma kwa zamu yake, lakini kazi hii niliianza kwa sababu ya mmoja tu. Kama Hani aligoma kutema, ungesema. Hata pamba ya kumpangusia ndani ya shavu ingetosha. Kwa nini umenificha?

Binti yako, Bilan

*

Modogashe, 2 Juni 2024

Bilan,

Salaam nyingi. Afya ipo, alhamdulillahi. Nimechelewa kujibu kwa aibu, si kwa kazi.

Hani hakugoma. Niliyegoma ni mimi. Nilipokuwa na mimba yake ya miezi saba, nilikuwa nauza maziwa sokoni. Maka, mke wa Yarow, akapita na mwanawe Abdiqani, mtoto anaguna na kupunga mikono. Nikacheka. Wenzangu nao wakacheka, kwa kuwa mimi nilianza. Maka alinitazama tumboni, akaenda zake.

Hani alipotimiza miaka mitatu yuko kimya, nikajua nimelipwa. Sijamwambia mtu, hata baba yako. Niliogopa mashine yenu itakisoma kicheko changu ndani ya mate ya mtoto. Kila asubuhi nikimsuka humwomba msamaha, naye hutazama vumbi likielea kwenye mwanga wa dirisha.

Pamba hii ni ya shavu lake mwenyewe. Soma, kisha uniambie ukweli hata kama utaniuma.

Hooyo

*

Nairobi, 11 Septemba 2024

Hooyo wangu,

Assalamu alaikum. Magoti yanasemaje? Nisamehe kwa kukaa kimya. Nilikuwa nasoma herufi za jeni za Hani. Ni nyingi mno, na jioni macho yakichoka naziona zinatembea polepole, kama zinaelekea malishoni.

Nimepata moja iliyobadilika. Kwako haipo. Kwa Baba haipo. Ilibadilika yenyewe, mwanzo kabisa, Hani akiwa mdogo kuliko punje ya mtama, wewe hata hujajua una mimba. Dawa sina, na sikukuahidi dawa. Mengi ya herufi hiyo bado siyajui. Lakini miezi naijua, Hooyo. Siku uliyocheka, Hani alikuwa Hani tayari.

Binti yako anayekupenda, Bilan

*

Modogashe, 30 Septemba 2024

Bilan mwanangu,

Salaam na dua. Barua yako niliisoma mara nne, kisha nikalala mchana kutwa. Sijapata usingizi kama ule tangu Hani azaliwe.

Nilipoamka niliona kwamba kwa Hani sina deni, lakini kwa Maka ninalo. Kicheko nilikicheka kweli. Nikaenda kwake. Nilimkuta akimlisha Abdiqani, ambaye sasa ana ndevu. Nikamweleza yote, na ya herufi pia.

Aliweka kijiko chini. Kisha akasema, "Walaal, ndugu yangu, kicheko chako nakikumbuka. Nilikiona ni haki yangu kuchekwa. Nikiwa na mimba ya huyu nilimnyima maji mwanamke mgeni kisimani."

Tulilia sote wawili, uji ukapoa.

Ameniuliza kama una kichupa kingine, cha Abdiqani.

Hooyo