Sekunde Tisa Nilizozikata

Baba,

Hedifoni zako bado ni kubwa kwangu. Nikiinama kidogo tu zinateleza mpaka shingoni. Mama alitaka kuusukuma ule ukanda wa juu ndani ili zinitoshe, nikamwambia auache. Umebaki na kipimo cha kichwa chako, na sponji ya upande wa kulia bado imebonyea pale ulipokuwa ukiibana kwa bega huku mikono yote miwili imeshika waya.

Nakuandikia kwa Kiswahili. Shuleni siku hizi kila kitu ni Kiingereza, hata hesabu naziwaza hivyo, lakini wewe nilianza kukusikia kwa Kiswahili tangu tukiwa Ngara, kabla hatujahamia huku. Nikijaribu kukuita kwa lugha ya shule, sauti yako haiji.

Kuna kitu nilikifanya ukiwa hai na sikukuambia. Nitakiandika humu humu. Ila niache kwanza nikupe habari za nyumbani, maana nikianza na hicho sitamaliza.

Duka lako la spika lilikaa limefungwa wiki sita. Mama anapanda basi lake kwenda kazini Kacyiru, anarudi jioni, anapita mbele ya mlango wa duka bila kuugeuzia uso, kama mtu mliyegombana naye. Majirani wote wa Kagarama walikuja kutuambia ihangane, pole ya lugha ya huku, wakatushika mikono, wakaenda. Lakini wengine walikuwa na vitu vyao mle ndani, redio za watu, spika za kanisa zima, kwa hiyo ilibidi kufungua. Tukakubaliana nitafungua mimi, Jumamosi mchana, watu waje kuchukua vyao. Mimi, Baba. Unajua ninavyokuwa mgeni akiingia. Unajua nilivyokuwa nakimbilia nyuma ya maboksi na kujifanya natafuta kitu.

Siku ile ya kwanza niliwasha amplifaya. Spika zikatoa ule mshindo mdogo, tup, nikasimama nikisubiri. Ilinichukua muda kujua nasubiri nini. Ulikuwa unakohoa. Kila mara, miaka yote, mshindo, kisha kikohozi chako, kisha muziki. Sasa unakuja mshindo, halafu hakuna kitu. Nilizima, nikawasha tena. Nikazima. Mara ya tatu nikatoka kwenda kukaa kwenye ngazi.

Usifikiri ni mimi tu. Siku nyingine nilichungulia jikoni baada ya kuwasha, nikamwona Mama amesimama na mwiko hewani, hakorogi, hageuki, mpaka muziki ulipoanza ndipo akaendelea. Hatujawahi kulizungumza hilo.

Wateja bado wanakuja na nyimbo zao kwenye simu. Wanataka besi mpaka vioo vya dirisha vitetemeke, ndipo waamini. Wewe ulikuwa unawaacha wamalize, unatabasamu, kisha unachomeka flashi yako nyeusi uliyoifunga uzi mwekundu. "Kelele kila spika anaweza," ulikuwa unawaambia. "Mpe kitu kidogo, uone kama atakifikisha." Ulizisema spika kama watu, na wateja walikucheka, kisha walinyamaza.

Zilikuwa nyimbo nne. Wa kwanza ni ngoma ulizorekodi mwenyewe harusini, kwa sababu ngoma ikipigwa lazima usikie ngozi, si mngurumo tu. Wa pili ni yule mzee wa inanga, zeze la huku, anayeimba kwa kunong'ona huku nyuzi zikikwaruza. Spika mbovu inampa mafua, ulisema, na kweli, tangu uliponiambia nasikia mafua. Wa tatu ni yule mama mwenye sauti ya juu. Spika ikiwa kali kupita kiasi, kila penye "s" anageuka nyoka. Nilikuwa na miaka tisa uliponifundisha hayo, na nilicheka mpaka nikashikwa na kwikwi.

Wa nne ulikuwa wa kwaya ya vijana, kule Masaka, nje kidogo ya mji huu.

Huo ndio nilikuwa naukimbia. Nilidhani hujui.

Unaikumbuka siku ile kuliko mimi, naamini. Kanisa lilikuwa halijamalizika, sakafu ya simenti, mabati yanalia kwa joto. Ulisimamisha maiki moja katikati, ukapiga magoti chini yake na hedifoni hizi hizi kichwani. Mimi nilikuwa na mstari mmoja tu wa kuimba peke yangu, baada ya ubeti wa pili, kwaya ikishanyamaza. Nilikuwa nimeuimba bafuni mwezi mzima. Wewe ndiye uliyemwambia kiongozi wa kwaya, Anti Beata, kwamba naweza.

Kwaya ikanyamaza. Nikafungua mdomo. Hakikutoka kitu.

Niliona kila uso umenigeukia. Masikio yangu yalijaa moyo wangu, sikusikia kingine chochote. Halafu Anti Beata akauimba ule mstari badala yangu, kwaya ikampokea, wimbo ukaisha. Ulisema tutarudia. Lakini mvua ilikuwa imeshafika, ikapiga yale mabati mpaka hatukuweza hata kusikilizana, na giza likaingia ikinyesha. Hatukurudia tena.

Nilijua utautupa wimbo ule. Wiki iliyofuata nikausikia dukani.

Ulikuwa unafika kwenye ule ukimya unainua mkono, hivi, kiganja kwa mteja, kama askari wa barabarani. Mteja ananyamaza. Wote mnasikiliza kimya changu. Sekunde tisa, nilizihesabu kwenye kompyuta. Mimi nilikuwa nikisikia tu ubeti wa pili unaanza, natoka nje. Naenda kuangalia nguo kwenye kamba. Naenda kumuuliza Mama kama anataka vitunguu. Nilijiambia unautumia kwa sababu spika mbaya hupiga mluzi pasipo na sauti, na hapo ndipo pa kuisikia. Jambo la kikazi tu. Lakini moyoni niliwaza: anawaonyesha watu wote jinsi binti yake alivyoshindwa. Kila mteja, Baba. Hata wale waliokuja kununua waya tu.

Basi nifike.

Ilikuwa Jumapili, ulikuwa umekwenda kufunga spika harusini. Nilifungua kompyuta yako, nikaupata wimbo ule katika programu uliyonifundisha mwenyewe, nikazikata zile sekunde tisa kwa macho tu, bila kuzisikiliza. Nikaunganisha ubeti wa pili na sauti ya Anti Beata. Niliunganisha vizuri sana. Ulikuwa umenifundisha kukata pale mawimbi yanapogusa mstari wa katikati ili pasisikike kitu, na hapakusikika. Nikauhifadhi juu ya ule wa zamani. Nikafanya hivyo hivyo kwenye flashi yenye uzi mwekundu. Niliona mikono yangu ni miepesi, kama nimefua.

Jumanne alikuja mteja wa hedifoni. Nikasikia ubeti wa pili, na mara ile sikutoka. Nilitaka kuona.

Ukainua mkono wako. Na sauti ya Anti Beata ikaingia palepale, bila pengo.

Mkono ulibaki juu. Sijui kwa muda gani. Hukunitazama. Ulitazama flashi, kisha ukaushusha mkono taratibu ukauweka mezani, na mteja ukamwambia hedifoni ni nzima. Hukuniuliza siku ile wala kesho yake. Nilikaa nikisubiri uniulize, nilikuwa hata nimeandaa uongo. Ulichofanya ni kuacha tu kuucheza wimbo wa nne. Zikabaki tatu.

Wiki tano baadaye ndipo presha ilipokuangusha pale pale penye meza, mchana kweupe, redio ya mtu iko wazi mbele yako.

Sasa unajua. Na kama ulijua tangu zamani, basi sasa unajua kwamba najua. Nimeutafuta ule wimbo mzima kwenye kompyuta yako, kwenye simu yako, kwenye CD zote za kwenye lile boksi la viatu. Si kwa sababu ya kwaya. Nilitaka nifike mahali pale ulipoinua mkono, nikakuta pamejaa, nimepajaza mwenyewe. Nilikuwa nikiwasha spika nacheza wimbo nilioukata, na kila ukifika pale kwenye kiungo, ambapo mtu mwingine hasikii chochote, mimi nauona mkono wako hewani. Ngumu kueleza. Ni kama nilikufungia mlango ukiwa bado umeshika kitasa.

Nilikaa nalo hilo mpaka alipokuja Mzee Tharcisse.

Unamkumbuka, yule mtumishi wa serikali aliyekulia Uganda, mwenye miwani ya kamba, ambaye ulimwuzia spika zile kubwa za mbao. Alishuka kwenye moto, pikipiki ya abiria, amekumbatia amplifaya kama mtoto, motari akamsaidia kuifikisha mlangoni. Akanipa pole, nikaitikia kwa kichwa. "Hii mashine iko na shida upande wa kushoto," akasema. Nikaiwasha. Tup. Mzee naye akatulia kidogo, nikaona anasubiri kitu, akasugua pua.

Amplifaya ilikuwa na flashi yake imechomekwa, ndogo, ya bluu. Ikaanza kucheza yenyewe. Ngoma. Nilidhani ni bahati tu. Kisha mzee wa inanga, ana mafua upande wa kushoto. Kisha yule mama wa "s".

Kisha kwaya.

Sikujua kwamba ulikuwa unawapa wateja nakala, Baba. Nilitazama mlango. Miguu yangu ilishaanza kwenda. Mzee Tharcisse akasema nisisikilize kwa spika, upande mmoja unakoroma, nichukue hedifoni. Akazichukua mezani mwenyewe, zako, akanivika. Nilizishika kwa mikono miwili zisianguke, ndiyo maana sikutoka.

Kwaya ikanyamaza.

Kwanza nilisikia mabati. Kisha kiti kimoja. Kisha mtu akavuta pumzi, fupi, iliyokatika katikati, na nilipoisikia kifua changu kikaikumbuka kabla yangu. Ilikuwa yangu. Nilikuwa sijui kwamba ilisikika.

Kisha wewe. Chini ya maiki, karibu kiasi kwamba nilihisi joto sikioni.

"Vuta pumzi, mama. Tuna muda."

Kisha Anti Beata.

Siku ile kanisani sikukusikia, Baba. Naapa. Masikio yalikuwa yamejaa. Miaka miwili umekuwa ukiniambia pale, kila siku, mbele ya kila mteja, na mimi nikiwa nje nashika nguo ambazo hazijakauka.

Mzee Tharcisse aliniacha nilie, akajifanya anasoma boksi la betri. Halafu akaniambia, taratibu, kwamba hicho ndicho ulichokuwa ukiwaambia wasikilize. Spika akikufikishia ile pumzi, mchukue. Asipokufikishia, mrudishe. Na yule anayenong'ona ulikuwa ukisema ni mjinga mmoja aliyesahau kwamba maiki inarekodi. Akacheka, akaacha kucheka. Alisema mara ya mwisho alipopita hapa alikuuliza mbona wimbo wa nne haupo, na ukamjibu kwamba mwenyewe ameomba upumzike. Akakwambia anayo nakala nzima, akuletee? Ukakataa.

"Akasema, mwache," akaniambia. "Akasema mwenyewe atakuja kuutaka."

Hapo ndipo sijui nifanye nini, Baba. Ulijua, na hukukasirika. Ningependa zaidi ungekasirika. Ulikaa unanisubiri kama siku ile ya kanisa, wiki tano, ukiamini tuna muda.

Hatukuwa nao.

Amplifaya yake nimeitengeneza, ilikuwa waya mmoja tu umeachia. Flashi ya bluu nimeinakili mahali patatu. Na ile nyeusi nimeirudishia wimbo wake wa nne, mzima.

Mama nilimwekea Jumapili, baada ya ibada. Sikumwambia chochote, nilifungua tu mlango wa kati ya duka na nyumba. Alikuja anajifuta mikono kwa kitenge, akasimama kizingitini. Ulipomaliza kusema, akasema, "Rudisha." Nikarudisha. Akasema tena rudisha. Baadaye aliingia dukani kwa mara ya kwanza tangu uondoke, akafuta vumbi kwenye kiti chako, akakikalia.

Na Jumamosi iliyopita alikuja dada mmoja mwanafunzi wa uuguzi, anataka hedifoni za kusomea, kwao kuna watoto wengi. Alicheza nyimbo za simu yake, nikamwacha amalize. Nikachomeka flashi. Kwaya ilipokaribia kunyamaza niligundua mkono wangu uko juu, kiganja kwake. Sikuuinua mimi. Nauandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Akanyamaza. Akakunja uso, akafumba macho.

"Kuna mtu anapumua," akasema.

Unajua mimi na wageni. Nikavuta pumzi.

"Ni mimi," nikasema.

Akafungua macho, akaniuliza na yule anayeongea je. Nikamwambia. Akazinunua zile hedifoni alizokuwa akizijaribu.

Baba, sikuahidi kwamba nitaimba. Bado naimba bafuni tu, na Mama anajifanya hasikii. Ninachokuahidi ni hiki: sitakata tena kitu ulichokiacha wazi, na ubeti wa pili ukianza sitatoka nje. Duka litafunguliwa kila Jumamosi. Atakayeingia nitamsemesha, hata kama ni kwa maneno matatu.

Lala salama. Nikiwasha amplifaya sitauharakisha wimbo wa kwanza. Baada ya mshindo nitaacha nafasi, urefu wa kikohozi kimoja, na hakuna mteja atakayejua ni ya nani.

Mwanao,
Keza